Uzito wa Tuzo

Tuzo ya kwanza tuliiweka dirishani
ili wapita njia wa Kariobangi waione.
Ya pili ikapanda juu ya kabati.
Ya tatu, ya kioo, yenye umbo la moto ulioganda,
ilikosa mahali, ikawekwa sakafuni
kuzuia mlango usijipige kwa upepo.

Usiku ule, Lumbasi, wewe ulikuwa hotelini Upper Hill
ndani ya suti ya shemeji yako, mikono imekufupia,
ukipigiwa makofi na watu
wasiowahi kununua kitunguu kwa gunia.
Mimi nilikuwa hapa, bisibisi mdomoni,
nikiuguza mizani namba arobaini na moja
iliyorudishwa kutoka Marikiti
kwa sababu, alisema Bi Syombua,
"ikinyeshewa inaongeza robo kilo,
na mimi sikuwa mwizi kabla yenu."

Sisemi tuzo haikusaidia.
Siwezi kunywa chai ya benki nikatukana birika.
Meneja aliyetukalisha benchi tangu Machi
alitoka mwenyewe, akatushika mkono,
akaagiza mandazi.
Mkopo ukatoka. Mama yako akaacha kuuliza
utatafuta kazi lini.
Hata bawabu aliyekuwa akituita wale vijana wa waya
alikuita Mkurugenzi,
nawe ukajifanya hukusikia
ili akuite tena.

Lakini kitabu cha hesabu nakishika mimi,
na kina kurasa mbili.
Meza ya watu kumi, shilingi elfu themanini
(wanakutuza, kisha wanakuuzia kiti cha kukalia ukituzwa).
Siku kumi na nne za kujaza fomu:
eleza athari zako kwa maneno mia tatu.
Hundi ya kadibodi, ndefu kuliko mlango,
iliyoletwa kwa mkokoteni,
na pesa zake zenyewe zikafika baada ya miezi saba,
zimekonda njiani.
Katika siku hizo kumi na nne
ningekuwa nimemaliza mpira wa kuzuia maji.

Chema chajiuza, walisema.
Waliosema hawakuwahi kusimama sokoni saa kumi alfajiri
na kitu chema mkononi
ambacho hakuna anayekijua jina.
Na kibaya, kikivishwa utepe,
hutembezwa kwa gari lenye kiyoyozi.
Basi sijui.
Nikiulizwa, nitasema tuzo hufungua mlango.
Upepo pia hufungua mlango.

Jumanne Bi Syombua alikuja mwenyewe,
buti zake na tope lote la Marikiti.
Akaiona tuzo pale chini, akasoma polepole:
Ubunifu Bora wa Mwaka.
"Mgema kasifiwa," akasema,
"na aliyenyweshwa maji ni mimi."
Kisha akainama, akaiokota,
akaitua juu ya mizani namba arobaini na moja.
Gramu mia tisa na kumi na mbili.
Akaiondoa. Akaimwagia mizani kikombe kizima cha maji,
akaifuta kwa leso, bila haraka,
akairudisha tuzo.
Tukangoja. Hata msumeno wa jirani ulinyamaza.
Gramu mia tisa na kumi na mbili.

Hakusema asante.
Aliuliza bei ya mbili, akaikata,
nikaikataa, akaikata tena,
akalipa huku akilalamika
kama mtu anayenuia kurudi.

Tangu siku hiyo hakuna mizani inayotoka hapa
kabla haijaibeba tuzo ile.
Wewe hukuliona hilo, ulikuwa na mahojiano.
Ijumaa ukaipiga teke ukikimbilia simu,
ncha moja ikavunjika.
Imepungua gramu nne.
Nimeandika uzito mpya kwa wino,
chini ya jina la kampuni.

Fomu ya tuzo ya nne iko mezani.
Mwisho ni Jumatatu.
Juu yake nimeweka kikombe changu,
na mipira thelathini inayongoja kukatwa.